Moyo Wenye Waya

Sehemu ya kumi na moja

Punguzeni hasira, wasomaji. Tangu Jumamosi iliyopita simu ya gazeti haijapoa. Mmoja ameniita muuaji. Mwingine, ambaye kwa sauti ni bibi wa watu mwenye heshima zake, ameniambia nikimuua Mwalimu Klachi hatalinunua tena gazeti hili, hata la kufutia vioo.

Basi twende tukaone kama amekufa.

Tulimwacha juu ya mashine ya kukimbilia, kifua wazi, nyaya kumi zimebandikwa mwilini. Huyu ni mwalimu wa udereva, mgane wa miaka hamsini na sita. Miezi kumi na moja nyuma, madaktari walipitisha waya mkononi mwake mpaka moyoni, wakafungua mshipa ulioziba, wakaacha humo kijibomba cha chuma ili usizibe tena. Sasa anataka bima ya maisha, na kampuni ya bima imemjibu: kwanza tuuone moyo huo ukikimbia.

Daktari alisema, "Naongeza mwendo." Hapo hapo mstari kwenye kioo ukanyooka, na nesi akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye benchi la nje.

"Moyo umesimama!"

Daktari aligeuka mbio. Mashine ilikuwa inazunguka peke yake, haina mtu. Alitazama huku, akatazama kule, mwisho akatazama chini. Mwalimu Klachi alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mashine, nyaya zote kumi zimo mkononi mwake, anapumua vizuri na amekasirika.

"Nani kasema moyo umesimama?" aliuliza. "Aliyesimama ni mimi."

"Umefanya nini, mzee?"

"Nimefunga breki."

Ndugu zangu, gari la shule ya udereva lina breki mbili. Moja ya mwanafunzi, nyingine ya mwalimu. Mwalimu Klachi ameketi kiti cha pembeni miaka ishirini na tisa, na kwa miaka yote hiyo, kila aliposikia mtu anaongeza mwendo, mguu wake wa kulia ulikanyaga. Umeokoa mbuzi, baiskeli, maduka mawili na ukuta wa kituo cha polisi. Leo umekanyaga mkanda wa mashine ya hospitali, na mashine haikujua adabu hiyo.

"Daktari, nisamehe," alisema. "Mguu haukuniuliza."

Kabla daktari hajajibu, mlango ulifunguka kwa kishindo. Aliingia mwanamke wa makamo, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwenye korido, miwani imekaa upande.

"Usife!" alipiga kelele. "Usife, mtu mbaya wewe, hata jibu sijakupa!"

Nesi aliweka mkono mdomoni. Mwalimu Klachi, akiwa bado sakafuni, aliinua kichwa polepole.

"Jibu gani?"

Mama Miwani aliona kwamba maiti inaongea. Alinyoosha miwani yake, akatazama ukutani.

"Hakuna jibu. Nilikuwa napita."

"Unapita na kiatu kimoja?"

"Kila mtu na mwendo wake."

Kwa mgeni wa hadithi hii, huyu ndiye Mama Miwani, fundi wa miwani mwenye duka dogo lenye vioo pande zote. Ni mjane. Ni mwanafunzi wa Mwalimu Klachi pia, na mtihani wa barabarani ameshindwa mara tatu. Mwalimu naye ameomba kumwoa mara tatu akakataliwa, kwa hiyo wako sare. Mara ya nne hakukataliwa. Aliwekewa sharti moja, nalo ndilo lililotufikisha kwenye mashine hii.

"Sitaki nyumba wala pete," alimwambia siku ile. "Nataka bima ya maisha, na fomu iliyojazwa kweli tupu. Kampuni wakikukubali hivyo hivyo ulivyo, na mimi nitakukubali."

Alikuwa na sababu. Marehemu mume wake alikuwa na shinikizo la damu, akalificha. Kwenye fomu ya bima waliuliza kama ana ugonjwa wowote, akaandika hapana. Alipofariki, kampuni ilifungua faili lake la hospitali, ikaiona dawa aliyokuwa akiimeza, ikakataa kulipa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyeumbuka hapa ni mjane. Aliuza cherehani, kabati na kitanda, akaanza maisha upya na boksi moja la vioo.

Nesi alimpa Mwalimu maji. Daktari aliitazama saa ya ukutani.

"Tunaanza upya," alisema. "Mapigo yafike mia moja na arobaini, na ukimbie dakika tisa. Ukishindwa leo nitaandika kwamba kipimo hakikukamilika, na kampuni itakwambia urudi baada ya mwaka."

"Mwaka!" alisema Mwalimu Klachi, akamtazama Mama Miwani. Mama Miwani alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba ambacho nadhani hakikuwepo.

Walianza upya. Dakika ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu daktari akasema, "Naongeza mwendo."

Mguu ukakanyaga. Safari hii nesi alimdaka kiunoni.

"Vua viatu," alisema nesi.

Alivua. Mguu ukakanyaga pekupeku.

"Nisiseme chochote," alisema daktari. "Nitaongeza kimya kimya."

Aliongeza kimya kimya, lakini masikio ya mwalimu wa udereva husikia injini kabla ya mwenye gari. Mashine ilipoanza kunguruma, mguu ukakanyaga mara ya nne. Daktari alivua koti lake jeupe, akalitundika, akakaa.

"Mzee, nina wagonjwa wengine."

Hapo Mama Miwani alifunga mkoba wake.

"Daktari, naomba niendeshe mimi."

"Uendeshe nini?"

"Gari."

Hakungoja ruhusa. Alisogea mpaka ubavuni mwa mashine, akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akakaza macho mbele kwenye ukuta mtupu.

"Mwalimu, tuko mlimani," alisema. "Mlima ule wa nyuma ya soko. Nyuma yetu kuna lori la mafuta, limetukaribia kabisa. Nakanyaga mafuta sasa. Ukigusa breki tunarudi nyuma kwenye lori."

Uso wa Mwalimu Klachi ulibadilika. Mlima ule anaujua. Mlima ule Mama Miwani ameshazima gari mara kumi na nne.

"Gia ya pili!" alifoka.

"Ya pili tayari. Kimbia."

"Usiguse klachi!"

"Sijagusa."

"Unagusa! Mguu wa kushoto pembeni! Pembeni kabisa!"

"Upo pembeni, mwalimu. Naongeza."

Daktari alielewa, akabonyeza. Mashine ilinguruma. Mguu wa kulia uliinuka, ukasita hewani, nesi akafumba macho, kisha ukatua na kuendelea kukimbia. Nani afunge breki mlimani, na lori liko nyuma?

"Tazama kioo!" alipiga kelele Mwalimu, jasho linamtiririka.

"Lori bado lipo."

"Dereva wake amelala?"

"Ameamka, anatupungia mkono. Bado mlima. Naongeza tena."

Mgonjwa wa chumba cha jirani alichungulia mlangoni, akauliza kama hapa ndipo wanapopima macho. Hakuna aliyemjibu. Kwenye kioo mstari ulipanda na kushuka sawasawa, mia moja na ishirini, mia moja na thelathini na tano, mia moja na arobaini na mbili. Daktari alikuwa amesimama sasa, amesahau wagonjwa wake wengine, anahesabu dakika kwa sauti.

"Tisa!" alisema. "Tumefika juu."

Mama Miwani aliachia chuma.

"Basi?" aliuliza. "Moyo unasemaje?"

"Unafanya kazi yake," alisema daktari. "Umetengenezwa, lakini unafanya kazi. Nitaandika barua njema."

Mwalimu Klachi alishuka, akafuta uso kwa taulo. Hakuuliza habari za moyo.

"Umeona?" alimwambia Mama Miwani. "Leo umepanda mlima bila kuzima gari."

Mama Miwani alicheka mpaka akaketi. Nilifurahi na mimi, sifichi. Laiti ningeweza kuishia hapa niwape pole na hongera, lakini nalipwa kwa kuwanyima usingizi.

Siku tatu baadaye walikuwa kwenye ofisi ya kampuni ya bima, ghorofa ya pili, chumba chenye meza moja na viti vinne. Mwalimu Klachi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Mama Miwani alikuja na mkoba na miwani mbili, ya mbali na ya kusomea. Kiti cha tatu alikikalia Wakala.

Wakala ni mpwa wa Mwalimu Klachi, mtoto pekee wa dada yake. Kijana wa miaka thelathini na tano, tai ndefu, maneno mengi. Siku hiyo maneno yalikuwa machache. Tangu mwanzo alikuwa amemsihi mjomba wake aende kampuni nyingine yoyote, na mjomba alikuwa amemshangaa.

"Nina mpwa humu ndani, kisha niende kwa wageni?" alimwambia. "Watu watasema nini?"

Kwa hiyo Wakala alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, anafungua tai na kuifunga tena.

Afisa wa bima aliingia na faili. Alikuwa mwanamke mkimya anayeandika polepole. Alifungua faili, akasoma, akafunga.

"Tumekukubali," alisema.

Mwalimu Klachi alisimama. Mama Miwani akamvuta shati akae.

"Kwa ada ya juu," aliendelea afisa. "Ambaye moyo wake haujaguswa akilipa kumi, wewe utalipa kumi na tano."

"Kwa ajili ya waya?"

"Kwa ajili ya waya."

"Haki yenu," alisema Mwalimu. "Gari lililowahi kugongwa bima yake hupanda. Mradi linatembea. Nipe kalamu."

"Kalamu chini," alisema Mama Miwani. Alivaa miwani ya kusomea. "Tusome kwanza. Neno kwa neno, kwa sauti."

Afisa alitaka kusema kwamba fomu ilishajazwa wiki tatu zilizopita na imeshasomwa na watu wanne. Aliutazama uso wa Mama Miwani, akaona bora anyamaze.

"Unavuta sigara?" alisoma Mama Miwani.

"Niliacha."

"Lini?"

"Siku uliyoingia kwenye gari langu mara ya kwanza ukasema linanuka."

"Tarehe hiyo ipo hapa. Sawa. Umewahi kutibiwa moyo?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ipo. Sawa." Alilitazama neno lile muda mrefu kidogo, kama mtu anayeangalia picha. "Unafanya kazi ya hatari?"

"Nafundisha udereva."

Afisa aliinua kichwa. "Hiyo hatuihesabu kuwa ya hatari."

"Namfundisha yeye."

"Iandikeni," alisema Mama Miwani. "Nimesema kweli tupu."

Hata afisa alicheka, na huyo si mtu wa kucheka ovyo. Wakala peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama ukurasa wa mwisho.

"Swali la mwisho," alisema Mama Miwani. "Je, una au umewahi kuwa na bima nyingine ya maisha? Hapana."

"Hapana," alisema Mwalimu Klachi.

"Samahani," alisema afisa. Alikuwa ameigeukia kompyuta yake. "Hili huwa naliangalia mwenyewe kabla ya sahihi. Mzee, hapa inasema ndiyo."

"Inasema nini?"

"Una bima ya maisha kwetu. Ya miaka sita. Imelipiwa kila mwezi, na mwezi uliopita imelipiwa."

Mwalimu Klachi alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Mama, hizo mashine zenu zimekosea. Mimi ada ya mwezi mmoja ningeikumbuka, sembuse ya miaka sita."

"Jina ni lako. Namba ya kitambulisho ni yako. Tarehe ya kuzaliwa ni yako."

Mama Miwani alivua miwani ya kusomea, akaikunja, akaitia mkobani. Hakupiga kelele. Wanaomjua wangeogopa zaidi kwa hilo.

"Wa kwanza aliandika hapana," alisema. "Nikamzika na hapana yake. Wa pili naye ameandika hapana, mbele ya macho yangu, na mimi namsomea kwa sauti."

"Nakuapia sijui chochote!"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mimi na wewe tumesoma fomu yote! Kama nilitaka kuficha, si ningeficha moyo?"

Mama Miwani alikuwa ameshasimama, mkoba begani. Iliuma, na alitaka ionekane haiumi. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa cha mlango pale afisa aliposema neno lililomrudisha.

"Mnufaika yupo pia. Yaani atakayelipwa, mzee akifa."

Akalisoma jina. Majina yote matatu, taratibu.

Mama Miwani aligeuka.

"Hilo ni jina langu."

"Lako wewe?" aliuliza afisa.

"Na la baba yangu, na la babu yangu."

Sasa ilikuwa zamu ya Mwalimu Klachi kumtazama yeye. Nawaambia kweli, alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama hata siku alipoingiza gari kwenye duka la maua.

"Ulinikatia bima?"

"Miaka sita iliyopita sikukujua hata kwa sura!"

"Jina lako limefikaje humo?"

"Wewe ndiye uniambie limefikaje!"

Afisa alisimama. Alikuwa amekunja uso. "Fomu yenyewe ya karatasi iko stoo. Naifuata. Tafadhali asitoke mtu."

Hebu, msomaji, jiweke kwenye kiti cha afisa yule. Kuna mwanamume mwenye moyo uliotiwa chuma. Kuna mwanamke ambaye atalipwa mwanamume huyo akifa. Na mwanamke huyohuyo ndiye anayemlazimisha akate bima ya pili, kisha amwoe. Mimi mwenyewe, ninayempenda Mama Miwani, ningeanza kukagua chai yangu.

Mlango ulipofungwa, Wakala alianguka magotini.

"Mjomba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyejaza. Miaka sita iliyopita, mwisho wa mwaka, nilipungukiwa mteja mmoja tu kufikisha lengo. Nisipofikisha, nafukuzwa. Nilikuwa na namba ya kitambulisho chako, ulinipa nikusajilie simu. Nikajaza. Nikatia sahihi yako. Tangu hapo nalipa mwenyewe kila mwezi, maana nikiacha kulipa watakupigia wewe kuuliza, na nitajulikana."

"Ndiyo maana hujanunua hata kiti cha kukalia nyumbani kwako?"

"Ndiyo, mjomba."

Mwalimu Klachi alishika kichwa. Alitaka kumpiga, na pia kucheka, akashindwa aanze na lipi.

"Na jina langu?" aliuliza Mama Miwani.

Wakala hakumtazama.

"Fomu ilitaka mnufaika. Kulikuwa na jina moja ambalo halikuwa likinitoka kichwani. Mama, marehemu mume wako nilimkatia bima mimi. Alikuwa mteja wangu wa tatu. Aliponiambia habari za shinikizo la damu, nilimwambia aandike hapana. Nilimwambia kila mtu anaandika hapana."

Chini barabarani mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Walipokunyima... ulipokataliwa fidia, nilikuona hapo chini, unatoka," aliendelea Wakala. "Sikuweza kuja kukuambia. Nikasema moyoni, basi nikimweka kwenye bima ya mjomba, mjomba hana mke, angalau siku moja mama huyu atapata kitu. Sikujua mtakuja kujuana. Sikujua mtapendana!"

"Hatujapendana," alisema Mama Miwani bila kufikiri, kwa mazoea tu. Kisha akaketi.

Macho yake yalijaa maji. Hakuyafuta.

"Miaka saba nagombana na kaburi," alisema. "Miaka saba namwambia marehemu, kwa nini ulinifanyia hivi? Kumbe alisema kweli. Alisema kweli, wewe ukamkataza."

"Ndiyo, mama."

"Afisa akirudi, mwambie. Yote."

"Nitasema." Wakala alimshika mjomba wake mguu. "Lakini mjomba, sikia kwanza. Ukisema sahihi ile ni yako, mambo yamekwisha. Bima ile ni ya kabla ya ugonjwa. Ada yake ni ndogo, waya hauhusiki. Itasimama kama ilivyo, na mnufaika ndiye huyuhuyu unayemtaka. Mimi nabaki kazini, mama yangu hajui kitu. Neno moja tu, mjomba."

Hatua za afisa zilisikika kwenye korido. Wakala alirudi kitini haraka, akavua tai yake iliyokuwa ikimkaba, akaitundika kwenye mgongo wa kiti.

Afisa aliweka karatasi mezani. Ilikuwa imekuwa ya manjano kidogo. Chini kabisa palikuwa na sahihi nzuri, yenye mkia, nzuri kuliko yoyote ambayo Mwalimu Klachi amewahi kutia maishani mwake.

"Mzee, swali ni moja. Sahihi hii ni yako?"

Mwalimu Klachi alifikiria dada yake, ambaye hana mtoto mwingine duniani. Alifikiria ada ndogo na ada kubwa. Kila kitu alichokitaka kilikuwa tayari pale mezani, kimeandikwa, kimelipiwa, na kilihitaji neno moja la uongo. Alimtazama Mama Miwani amsaidie. Mama Miwani aligeuza uso akatazama dirishani, asije akaambiwa baadaye kwamba alimkonyeza.

"Si yangu," alisema Mwalimu Klachi.

"Una hakika?"

"Sijawahi kuwa na mwandiko mzuri hivyo. Si yangu, na sikujua habari zake mpaka leo."

Afisa alivuta pumzi.

"Basi bima hii ni batili. Na kwa kuwa fomu yako mpya imeletwa na wakala huyohuyo, nalazimika kuizuia nayo, mpaka uchunguzi uishe. Inaweza kuchukua mwaka. Pole, mzee. Umesema kweli na umepoteza zote mbili."

Mwalimu Klachi aliinamisha kichwa. Ndipo alipohisi mkono juu ya mkono wake, mkono wenye ncha za vidole ngumu kwa kushika bisibisi ndogo za miwani.

"Zuia," Mama Miwani alimwambia afisa. "Zuia hata miaka miwili. Mimi nilikuwa natafuta mwanamume atakayesema kweli hata ikimkata. Nimemwona kwa macho yangu, na macho ndiyo kazi yangu. Harusi ni Jumapili."

"Jumapili hii?" aliuliza Mwalimu Klachi.

"Una safari?"

"Sina! Sina safari yoyote!"

"Basi."

Mwalimu Klachi alicheka kwa sauti, akausahau moyo na waya wake, akamtikisa mkono afisa wa bima ambaye hakuwa amempa.

"Mzee, ngoja," alisema afisa. "Kama si wewe, nani aliyetia sahihi?"

"Mpwa wangu. Huyu hapa, analo la kukuambia mwe—"

Waligeuka wote watatu. Kiti cha Wakala kilikuwa kitupu. Tai ilikuwa inaning'inia mgongoni mwa kiti, na mlango ulikuwa wazi. Chini barabarani ile pikipiki ilikuwa imekubali kuwaka, na sasa ilisikika ikienda mbali.

"Alikiri!" alisema Mwalimu. "Alikiri mbele yetu sasa hivi, ulipokwenda stoo!"

"Mbele yenu wawili," alisema afisa. "Na ninyi mnaoana Jumapili."

Alikwenda mlangoni, akaufunga, akazungusha ufunguo, akauweka mfukoni. Kisha akarudi mezani na kuinua simu, bila kumwondolea macho Mama Miwani.

"Ukimwondoa wakala aliyeileta, karatasi ina majina mawili tu, mzee. Lako, ambalo hukulitia. Na la anayelipwa ukifa."

Upande wa pili mtu alipokea.

"Polisi?" alisema afisa. "Njooni haraka, ghorofa ya pili. Ndiyo, mwanamke. Yupo naye hapa hapa. Amemshika mkono."